Umewahi Kufeli?

Kwa kazi yake, Mwalimu Breki alikuwa amewafariji watu waliofeli wengi kuliko shehe na padri wa mtaa ule wakiwekwa pamoja. Alifundisha udereva. Haikupita wiki bila mwanafunzi wake mmoja kurudi kutoka kwenye mtihani wa barabarani akiwa amegonga nguzo, au amesahau indiketa, au gari limemzimikia katikati ya njia panda, mbele ya askari mtahini. Mwalimu Breki angemfungulia mlango, angemkalisha, angempa maji ya kunywa na kumwambia yale yale: kufeli si kufa, leo umejua shimo lilipo. Watu walimpenda kwa hilo. Walikuwapo waliosema heri kufeli mikononi mwake kuliko kufaulu mikononi mwa mwingine.

Binti yake mwenyewe alipofeli, hakumwambia mtu.

Binti huyo aliitwa Daktari tangu utotoni. Baba yake ndiye aliyempa jina, siku alipomkuta anamfunga mwanasesere bendeji ya soksi, na jina likamganda kama kupe. Sasa mtoto wa kuitwa Daktari atafelije Fizikia na Kemia? Matokeo ya mtihani wa mwisho wa sekondari yalipotoka na ikawa kweli amezifeli, tena kwa kishindo, Mwalimu Breki aliwatangazia majirani kwamba matokeo yamekwama kwenye mitambo. Mitambo ikakwama mwaka mzima. Wakati imekwama, Daktari alikuwa anarudia mtihani kama mtahiniwa binafsi upande wa pili wa mji, na mtaani ikasemwa yuko kwenye kozi. Safari ya pili alifaulu kwa alama za kumfanya mama yake apige vigelegele mpaka mbwa wakabweka. Mwalimu Breki akatoka barazani, akawaambia waliokuja kuuliza: "Mitambo imekwamuka."

Ilibaki kuomba nafasi chuo kikuu tu.

&nbsp;

Waliomba Jumamosi mchana, sebuleni, kwa kompyuta ya kuazima. Daktari alikaa mezani, baba yake amesimama nyuma yake kama anavyosimama mtu anayemfundisha mwingine kurudi kinyumenyume. Mama Daktari alikuwa anakunja nguo. Kwenye kochi refu alijilaza baba mdogo, ambaye alikuja kuwasalimia wakati wa mvua na mpaka sasa alikuwa hajamaliza salamu.

"Baba, njoo uone hapa," Daktari akasema.

"Soma."

"'Je, umewahi kufanya mtihani huu kabla ya matokeo uliyoyataja hapo juu, ukafeli? Ndiyo, hapana. Kama ndiyo, taja matokeo yote.'"

Mwalimu Breki akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Swali lilikuwa bado lipo.

"Ruka," akasema.

"Hairukiki. Nimejaribu, inakuwa nyekundu."

"Basi weka hapana."

"Huo si uongo, Baba?"

"Uongo gani? Uongo ni kusema jambo. Hapo umesema nini? Unabonyeza tu."

"Mbona unamtia mtoto maneno," mama Daktari akasema bila kuinua macho kwenye nguo zake. "Amefeli, amerudia, amefaulu. Hiyo ndiyo habari yenyewe, na ni habari nzuri. Mficha uchi hazai."

"Hapa hakuna anayezaa, mama Daktari. Tunaomba chuo."

Baba mdogo akajiinua kwa kiwiko, maana hapo aliona ujuzi wake unahitajika. "Shemeji, dunia haiko hivyo. Mimi kila nilipoomba kazi niliandika hapana. Umewahi kufukuzwa? Hapana. Umewahi kushtakiwa? Hapana. Na leo niko wapi?"

"Kwenye kochi langu," mama Daktari akasema.

Baba mdogo akajilaza tena.

"Chini yake kuna maandishi madogo," Daktari akasema. "Ngoja niyasome kwanza."

"Hayo ni ya mawakili. Ukianza kusoma maandishi madogo hutafika popote. Bonyeza, mwanangu. Unataka karani wa huko akuone kichwa maji kabla hajakuona sura?"

Daktari akaondoa mkono mezani, akauweka mapajani. Hakusema sitaki, na baba yake hakuuliza kama anataka. Mwalimu Breki akainama juu ya bega la binti yake, akabonyeza hapana, akashuka mpaka chini kabisa na kubonyeza tuma. Kulikuwa kwepesi kuliko kuzima taa.

"Mmeona?" akasema. "Kuna mtu amekufa?"

&nbsp;

Wiki zilizofuata alitembea mtaani kifua mbele. Fundi Friji, jirani wa nyumba ya pili, aliyekuwa na karakana ya majokofu mlangoni pake na goti lililomsumbua siku za baridi, alikuwa hampiti Daktari bila kumsimamisha. "Daktari, unaanza lini? Goti langu linakungoja, nimelikataza kwenda hospitali nyingine." Daktari alijibu, "Bado, mzee," akiangalia chini, na Mwalimu Breki alicheka kwa niaba yake.

Ujumbe wa chuo ukaingia kwenye simu ya Daktari wakati wa chakula. Ulisema taarifa alizotoa hazilingani na kumbukumbu za baraza la mitihani, na kwamba afike ofisi ya udahili akiwa na hati halisi za matokeo YOTE. Neno hilo la mwisho waliliandika kwa herufi kubwa.

"Wana maana matokeo yote yaliyopo," Mwalimu Breki akasema.

"Yapo mara mbili, Baba."

Baba mdogo akasema asiwepo mtu wa kuhangaika, yeye ana mtu wa ndani pale chuoni, ni kupiga simu tu. Akaenda kuipigia uani ili asisikike. Alirudi amepoa. Yule mtu wa ndani alisema siku hizi yuko nje.

&nbsp;

Asubuhi ya kwenda chuoni kulikuwa na somo ambalo Mwalimu Breki hakuweza kuliahirisha. Kwa hiyo Daktari alikaa kiti cha nyuma, bahasha ya hati zake mapajani, na kwenye usukani alikaa Mama Famasi.

Mama Famasi alikuwa na duka lake la dawa na wafanyakazi waliomtetemekea, na duniani hakuwa anaogopa chochote isipokuwa mzunguko wa barabara. Alikuwa amefeli mtihani wa barabarani mara mbili. Mara zote mbili alirudi dukani akasema alikwenda kuagiza dawa.

"Mwalimu, nina neno," akasema walipokuwa wamesimama kwenye taa. "Safari hii nataka nikafanyie kituo kingine, kule wasikonijua. Ila nao wanauliza kama mtu amewahi kufanya. Wewe ndiye unayejaza. Niandikie kwamba hii ndiyo mara yangu ya kwanza."

"Haiwezekani, mama."

"Inakupunguzia nini?"

"Mimi hainipunguzii kitu, inakupunguzia wewe. Kijani hiyo, ondoka taratibu." Gari likaruka kama chura, likatulia. "Sikiliza nikwambie. Mtahini akijua umefeli mara mbili, atakutazama kama mtu aliyerudi. Na mtu anayerudi ana moyo, hata askari anaujua moyo akiuona. Lakini akigundua umemficha, atakutazama kama mwizi. Hapo uendeshe kama malaika, atakutafutia kosa mpaka alipate. Na hebu niambie, unamficha nani? Wewe mwenyewe unajua. Kioo cha pembeni, tazama kioo. Anayeficha kufeli, mama, anajifelisha mara ya pili, na safari hiyo hana hata mtahini wa kumlaumu."

Maneno hayo alikuwa ameyasema mara nyingi mno hata hayakumpitia tena masikioni. Yalitoka kinywani yakaenda moja kwa moja kwa mteja. Alipoinua macho kwenye kioo cha juu alimwona binti yake anamtazama bila kupepesa. Akadhani kioo kimekaa vibaya, akakirekebisha.

"Una bahati, binti," Mama Famasi akasema. "Ukiwa na baba kama huyu, hata ukifeli unafeli kwa raha."

"Nyumbani hafundishi udereva," Daktari akajibu.

Mama Famasi akacheka mpaka akakosa gia. Mwalimu Breki hakucheka. "Klachi," akasema. "Kanyaga klachi," na mguu wa Mama Famasi ulikuwa tayari juu ya klachi.

&nbsp;

Walimshusha Mama Famasi dukani kwake, wakaendelea wawili. Ofisi ya udahili ilikuwa ukumbi wenye dirisha moja la kuhudumia watu, na aliyesema dirishani alisikika mpaka mwisho wa foleni. Karani alikuwa kijana mwenye sweta na mafua. Hakuwa na hasira na mtu yeyote. Alitaka tu siku iishe akalale.

Kabla hawajafika mbele, sauti ikapaa nyuma yao.

"Mwalimu Breki! Shikamoo, Mwalimu!"

Alikuwa dereva wa lori, mwanafunzi wake wa zamani, amekuja na mwanawe. Akamshika mkono kwa mikono yote miwili, akawageukia watu wa foleni kana kwamba wamemwomba. "Huyu ndiye aliyenitoa. Nilifeli mtihani wa udereva mpaka mke wangu akachoka, yeye hakuchoka." Watu wakamtazama Mwalimu Breki kwa heshima, na yeye akaipokea kwa kuinamisha kichwa kidogo. Ilimkaa vizuri. Angetamani wakati huo iwe ndiyo mwisho wa safari.

"Anayefuata," karani akasema.

Akazipokea hati, akatazama kwenye kompyuta yake, akapenga kamasi. "Umefanya mtihani mara mbili."

"Ndiyo," Daktari akasema.

"Hapa umejibu hapana."

"Nadhani ni mtandao," Mwalimu Breki akaingilia, akisogea dirishani na kushusha sauti. "Siku ile mtandao ulikuwa unasumbua sana."

"Mzee, mtandao ukisumbua haupeleki jibu. Haulibadilishi."

"Ni kweli, ni kweli. Lakini kijana wangu, mtoto kuanguka mara moja ndiyo afungiwe mlango?"

"Nani kakwambia anafungiwa?" Karani akaigeuza kompyuta ili aione, akaweka kidole chini ya swali, penye maandishi madogo. "Soma hapo."

Mwalimu Breki akasoma. Kufeli kwa awali hakumwondolei mwombaji sifa. Kutoa taarifa za uongo kunamwondolea. Akasoma tena, akitumaini mara ya pili itakuwa fupi zaidi.

"Alama zake nzuri," karani akasema. "Angejibu ndiyo ningekuwa nimeshampigia muhuri tangu mwezi uliopita, na mimi ningekuwa na foleni fupi." Akapiga chafya. "Sasa utaratibu. Kama alijaza mwenyewe, maombi yanafutwa, aombe tena mwakani. Kama kuna mtu alimjazia, mtu huyo aandike maelezo hapa hapa kwa mkono wake, atie sahihi, kamati inaweza kumsikiliza. Nani alijaza?"

Ni neno moja alilotakiwa kusema, na si neno gumu. Mwalimu Breki alilitayarisha. Alilifikisha mpaka kwenye ulimi, akafungua mdomo. Nyuma yake akamsikia dereva wa lori anapumua, na foleni nzima nyuma ya dereva wa lori imetulia kama watu wanaosikiliza taarifa ya habari.

"Mwalimu," dereva wa lori akauliza kwa upole, "kuna shida?"

"Hakuna shida," Mwalimu Breki akasema.

Hayo ndiyo yaliyotoka.

Karani akangoja. Daktari naye akangoja, macho yake kwenye ukingo wa dirisha, mahali ambapo rangi ilikuwa imebanduka kwa viwiko vya watu. Kisha akasema, "Nilijaza mimi."

"Una hakika?" Karani alimwuliza binti, lakini alikuwa anamtazama baba.

"Jina lililoandikwa hapo juu ni langu."

Muhuri ukapigwa. Dereva wa lori aliwapisha wapite, akasema, "Kila la heri, Mwalimu," na mwanawe akawasalimia.

Njiani Mwalimu Breki aliendesha kwa uangalifu ambao hata wanafunzi wake hawakuwahi kuuona. Aliwasha indiketa hata kwenye kona zisizokuwa na gari wala mtu. "Tutaliangalia," akasema mara moja. Daktari hakuuliza wataliangalia nini. Nyumbani mama yake alipomwuliza wamesemaje, alijibu, "Mwakani," na alipoulizwa kwa nini, akasema, "Muulize Baba," akaingia chumbani.

Mama Daktari hakumwuliza. Alimtazama tu mumewe kwa muda, mpaka baba mdogo, ambaye hakuwa mwepesi wa kuondoka mahali, akaondoka kwenye kochi. Usiku ule alimwekea mumewe chakula mezani, kila kitu mahali pake, ila hakumwambia karibu.

&nbsp;

Jumapili Mwalimu Breki alikuwa nje anaosha gari. Alilianza upande wa ukutani, akitumaini kumaliza kabla watu hawajatoka. Fundi Friji akatoka, akivuta goti lake.

"Mwalimu! Nasikia vyuo vimefunguliwa. Daktari kaondoka bila kuniaga?"

Mwalimu Breki akaendelea kusugua gurudumu lililokuwa limeshatakata. Mitambo hakuweza kuirudia, alikuwa ameshaikwamua kwa mdomo wake mwenyewe. Akalitafuta neno la kusema, na neno likaja lenyewe, lile ambalo kwa miaka miwili alikuwa hajalitamka hata akiwa peke yake bafuni.

"Alifeli," akasema.

"Si ulisema mitambo imekwamuka?"

"Ilikwamuka vibaya."

Alishangaa lilivyotoka kilaini. Fundi Friji alisikitika kweli, akamwekea mkono begani, na huruma ile ikampata Mwalimu Breki mahali palipokuwa na baridi tangu siku ya ofisi ya udahili. Akajikuta anaongeza. "Alifeli, ndugu yangu. Tufanyeje? Watoto wa siku hizi, simu mkononi usiku kucha. Mzazi unajitoa, unahangaika, mwisho wa siku..." Akatikisa kichwa. Fundi Friji naye akatikisa chake. Ilikuwa nusura Mwalimu Breki ajionee huruma mwenyewe.

Alipogeuka kuchovya kitambaa, Daktari alikuwa mlangoni na ndoo ya maji ya kusuuzia. Hakuweza kujua amesimama pale tangu neno lipi.

Daktari akaiweka ndoo chini polepole, maji yasimwagike.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana. Baba yako ndiyo ananieleza habari ya mtihani."

"Asante. Amekueleza ya mwaka gani?"

"Kwani kuna miaka mingapi?"

"Mwaka juzi nilifeli, mimi mwenyewe, Fizikia na Kemia," Daktari akasema. Sauti yake haikupanda. Alisema kama anayesoma matangazo ya shule. "Mwaka jana nilifaulu, mimi mwenyewe, yote. Mwaka huu amefeli Baba."

Mkono wa Fundi Friji ulikuwa bado uko begani kwa Mwalimu Breki, na ilionekana wazi hajui auondoe au auache. Mtaa wa Jumapili ulikuwa na watu wake: ng'ambo mwanamke anafagia, kando yake mumewe ameshika redio. Ufagio ukasimama.

"Mwalimu," Fundi Friji akauliza, "umefeli mtihani gani tena wewe?"

Angeweza kucheka. Kicheko alikuwa nacho tayari, na maneno yake: huyu mtoto ana utani. Fundi Friji angekipokea, maana hata yeye alikuwa anakitafuta. Mwalimu Breki akamtazama binti yake. Alitegemea kukuta hasira, akaikosa. Daktari alikuwa anamsubiri tu, kama pale dirishani.

"Ulikuwa na swali moja," Mwalimu Breki akasema.

"Swali moja?"

"Moja. Ndiyo au hapana. Aliulizwa kama amewahi kufeli. Akataka kusema kweli, nikainama juu ya bega lake, nikabonyeza hapana kwa mkono wangu. Wamemfutia mwaka."

"Swali moja," Fundi Friji akasema, "majibu mawili, moja umeandikiwa, na la pili umeandikiwa, na ukakosa?"

"Nikakosa."

Fundi Friji akaangua kicheko. Alicheka mpaka akaegemea boneti na kulowanisha shati la Jumapili, mpaka akakumbuka kuwa anacheka peke yake, akanyamaza, akaomba radhi kwa gari. Hapo ndipo dirisha la jikoni lilipofunguka kwa upana wake wote, na mama Daktari akatoa kichwa, mikono yake ina povu mpaka kwenye viwiko.

"Baba Daktari," akaita, "huku jikoni hatukusikia vizuri. Hebu rudia."

Ng'ambo redio ilikuwa imeshapunguzwa. Mwalimu Breki akakikamua kitambaa, akakiweka juu ya gari, akageukia barabarani.

Akarudia.